Fundo la Khanga

Alhamisi ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilichukua meno ya mama yangu nikayatia kwenye bakuli, nikayamiminia maji yaliyotoka kutokota muda huohuo, nikaongeza kifuniko kizima cha klorini tunayofulia mashuka. Nilifanya kwa mapenzi. Nilisimama pale jikoni machozi yakinilengalenga, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeyaona meno hayo yakiwa nje ya kinywa chake, na hali niliyoyakuta nayo ilinitia simanzi. Nikafunika bakuli kwa sahani, nikaenda kumwandaa mtoto wa shule.

Zilikuwa zimebaki siku 2 wageni wa posa ya binti yangu wafike.

Mama alikuwa amekuja Dar es Salaam wiki 3 kabla, akitokea nyumbani Maji ya Chai, kwenye barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi. Baba alishatutoka, na katika wazee wa rika lao upande wetu amebaki yeye. Kaka yangu ndiye angekuwa msemaji siku ya posa, lakini neno la mwisho, lile la kumpa mtoto baraka mbele ya watu wa pande zote mbili, lilikuwa la Mama. Kwa ajili ya neno hilo alipanda basi akasafiri kutwa nzima na umri wake wa miaka 74.

Meno ya Mama yana historia ndefu, na inaanzia kwenye maji. Huko kwetu, kuzunguka Mlima Meru, maji yamebeba floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima na vijito vingi vya kwetu vinakipita kikomo hicho kwa mbali. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yakiundwa ndani ya taya huota meno ya rangi ya kahawia, mengine yenye vishimo. Na magadi tunayolainishia makande nayo yanaongeza floraidi juu ya ile ya maji. Ndiyo maana pale Ngurdoto, jirani na kwetu, kimewekwa kituo cha kutafiti namna ya kuitoa floraidi kwenye maji, na kazi hiyo wameifanya kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini Mama alikuwa ameshakua zamani. Alikua akificha meno yake. Picha zake zote za ujanani amefumba mdomo.

Kisha yakaanza kumtoka. Moja lilioza, jingine likalegea, jingine likang'olewa kwa sababu lilikuwa linauma na hapakuwa na namna nyingine. Kufikia miaka 12 iliyopita juu hakuwa na hata moja, na chini yalibaki 6 ya mbele, kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Ndipo tukachanga, akatengenezewa ya bandia: sahani nzima ya juu, na ya chini ya vipande viwili vya magego vilivyoshikizwa kwa vibano vya waya kwenye meno yake mwenyewe. Siku alipoyavaa alijitazama kwenye kioo cha kabati muda mrefu, halafu akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akicheka mdomo wazi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona bila meno. Alioga nayo, alilala nayo, aliamka nayo. Sisi wanawe tuliona ni jambo zuri, kwamba Mama ameyazoea. Hatukuuliza anayasafisha saa ngapi, wala kwa nini hayavui. Mtu hamwulizi mama yake jambo kama hilo.

Nyumbani kwangu, dalili zilikuwapo tangu wiki ya kwanza. Nyama aliisogeza pembeni ya sahani, akisema ameshiba. Pembe za mdomo wake zilikuwa na mipasuko ambayo kila asubuhi aliipaka mafuta ya mgando. Usiku alikohoa. Siku moja dada anayetusaidia kazi alinifuata uani, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, foronya ya bibi ina damu. Kidogo tu, lakini kila siku." Nikamjibu kwamba labda ni ile mipasuko.

Usiku wa kuamkia Alhamisi alikohoa karibu mpaka alfajiri. Nilipomletea chai ya tangawizi nikamkuta usingizi umemchukua, amejifunika khanga mpaka puani. Pindo moja la khanga lilikuwa limetokeza pembeni ya mto, limefungwa fundo, lile fundo ambalo wanawake wa umri wake huwekea pesa. Nilidhani ni vidonge. Nikalifungua. Yalikuwa meno yake; nadhani kikohozi cha usiku ule kilimfanya ayavue.

Nitaeleza nilichokiona, kwa kuwa naamini ziko nyumba nyingi ambamo kitu hichohicho kimefungwa ndani ya fundo na hakuna anayekiona. Upande wa sahani unaogusa kaakaa ulikuwa na utando mzito wa njano, kama ukoko wa uji uliokaukia pembeni mwa sufuria. Kwenye vibano vya waya ugaga ulikuwa umeganda mgumu, ukucha haukuweza kuubandua. Katikati ya jino na jino kulikuwa na weusi. Na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichofungiwa muda mrefu mahali pasipopita hewa.

Ningeweza kumwamsha, au nikasubiri aamke nikamwuliza. Badala yake nikayachukua, nikaenda nayo jikoni.

Niliporudi kufunua bakuli, maji yalikuwa yamepoa. Ile rangi ya waridi inayofanana na fizi ilikuwa imepauka kama chaki. Waya zilikuwa zimepiga weusi. Lakini utando ulikuwa umetoka, meno yananukia usafi, nikajipongeza. Nikayasuuza, nikayaweka kwenye kisosi, nikampelekea.

Mama alikuwa ameamka. Mkono wake ulikuwa ukipapasa shuka, kisha mto, kisha chini ya mto. Akalishika pindo la khanga na kukuta fundo limefunguliwa. Aliponiona mlangoni akajifunika mdomo haraka.

"Yako wapi?"

Nikampa kisosi kwa mikono miwili. Akageukia ukutani kuyavaa. Akasema, "Ahsante," na kabla neno halijaisha sahani ya juu ikamwangukia kwenye ulimi. Akairudisha kwa kidole gumba. Ikaanguka tena. Upande wa kulia ulikuwa umebana, wa kushoto umeachia nafasi ya kupitisha kijiko.

"Umeyachemsha?"

"Nimeyasafisha, Mama."

Hakusema neno jingine. Alishinda kutwa nzima bila kusema. Alijibu kwa kichwa, aliomba maji kwa mkono. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka 6, alikaa mlangoni kwake akaniuliza kama bibi amekasirika. Sikuwa na jibu. Mama hakuwa amekasirika, na ingekuwa heri angekasirika.

Alasiri, nilipokuwa nimetoka kwenda kununua vitu vya posa, alitoka uani peke yake mpaka kwenye karo la saruji. Nadhani alitaka kuyaosha mwenyewe kwa namna aliyoizoea, pengine yangerudi. Sabuni inateleza, na vidole vyake si vya jana. Dada alisikia mlio kama wa kisahani kinachopasuka. Alipotoka alimkuta Mama amekaa kwenye kigoda, nusu ya sahani mkono wa kulia, nusu mkono wa kushoto, imepasuka katikati kabisa, kati ya meno mawili ya mbele.

Jioni kaka alifika. Ni mtu wa kutengeneza mambo; hajui kukaa na kitu kilichoharibika. Alitoa mfukoni ile gundi ya tone moja inayobandika viatu na vioo, akaomba apewe gazeti la kutandika mezani. Alikuwa ameshazibananisha nusu mbili akitazama kama zinakutana, na dada, ambaye kwa kawaida haongei mbele ya wageni, akasema, "Mjomba, hiyo inakwenda mdomoni." Kaka akamtazama. Akaitazama gundi. Akairudisha mfukoni.

Usiku ule niliingia chumbani kwa Mama nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia: "Mama, nisamehe. Nilichukua kitu chako bila kukuomba." Alikuwa gizani, na nadhani giza lilimsaidia kusema. Akasema: "Sikutaka uone." Kisha, baada ya kimya kirefu: "Hata baba yako hakuona."

Ijumaa asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la daktari wa meno.

Daktari alikuwa binti, umri wa mwanangu wa kwanza. Alimwamkia Mama shikamoo, akavuta kiti akakaa ili macho yao yawe sawa, akasema: "Mama, naomba nitazame. Ukiniambia niache, nitaacha." Mama akaishusha khanga mwenyewe. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, sikuwa nimemwomba.

Aliwasha taa, akatazama bila haraka. Halafu akaniita, na kwanza akamwomba Mama ruhusa. Kaakaa la mama yangu lilikuwa jekundu kama nyama mbichi, na wekundu wenyewe ulikatika sawasawa pale sahani ilipokuwa ikiishia, kama mtu aliyezungushia kalamu akapaka rangi ndani ya mstari. Nje ya mstari, fizi ilikuwa na rangi yake ya kawaida. Akampa Mama kioo kidogo naye aone.

"Mama, inauma?"

"Haiumi."

"Ndiyo shida yake," daktari akasema. "Mara nyingi haiumi. Mtu anaishi nayo miaka."

Alitueleza kwamba ni fangasi. Fangasi huyu, kandida, anaishi vinywani mwa watu wengi bila kuleta taabu. Lakini akriliki, hiyo plastiki ya meno ya bandia, ina vitundu na mikwaruzo ambayo jicho halioni, na humo anajificha. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo maji yanayosafisha kinywa. Ukilala na sahani imebana kaakaa, umemfungia chini yake mahali penye joto na unyevu, hewa haipiti, wala ulimi haufiki kusugua. Mipasuko ya pembe za mdomo ni yeye huyohuyo ametoka nje. Akauliza kama Mama ana kisukari. Anacho, anameza vidonge. Daktari akatikisa kichwa taratibu, akasema sukari na fizi ni kama ndugu wawili wanaoambukizana ugomvi: sukari ikipanda fizi zinaugua haraka, na fizi zikiugua sukari inakuwa ngumu kushuka. Siku hiyohiyo akamwandikia akapime.

Kisha akanigeukia mimi. Nilimweleza nilichofanya, sikuficha. Hakunisuta. Alinionyesha kwa vidole. Akriliki huundwa kwa kufuata chapa ya taya la mtu, mkunjo kwa mkunjo. Maji ya moto huilegeza, na ikipoa inaganda kwa umbo jingine. Klorini kali huitoa rangi, na chuma chochote kilichomo inakila. Wapo wanaoyaloweka meno ya plastiki tupu kwenye klorini iliyozimuliwa sana, kwa dakika chache, kwa maelekezo ya daktari. Yenye waya, kamwe. Hata dawa ya meno haifai kwa meno ya bandia, kwa sababu ina chembe za kukwangua, na kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya fangasi. Na ile gundi ya kaka ingeunganisha nusu mbili pasipo kukutana sawasawa, na sumu yake ingelala juu ya fizi iliyokwisha kuchubuka.

"Tunaweza kuyaunganisha kwa kesho tu?" nikauliza. "Tuna posa."

Alimjibu Mama, si mimi. Alisema sahani imepinda, hata ikiunganishwa haitakaa. Na hata angekuwa na nyingine pale mezani asingeivalisha juu ya kaakaa lile, wala asingechukua chapa ya mpya, maana fizi iliyovimba hutoa chapa ya uongo. Uvimbe ukishuka meno yanapwaya. Kwanza fizi zipone. Wiki 2, pengine 3, bila kitu juu yake. Akaongeza kwamba hata kama mimi nisingeyachemsha, meno yale yalikuwa yamemaliza muda. Mfupa wa taya usio na meno hupungua mwaka hadi mwaka, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, wakati sahani inabaki vilevile. Kwa kawaida meno ya bandia huhitaji kurekebishwa au kufanywa upya baada ya miaka 5 hadi 10, na kinywa kitazamwe kila mwaka, hata kama hakuna jino lililobaki, kwa sababu kidonda kisichopona ndani ya wiki 2 huenda kikawa ni saratani.

Nilimtazama Mama. Nilidhani atalia. Alikuwa akitazama yale meno yake 6 ya chini kwenye kile kioo kidogo.

"Na haya?" akauliza. "Haya nayo yatoke?"

Daktari akasema haya ndiyo ya kulindwa kuliko yote, kwa sababu yanashika ya bandia ya chini na kuuzuia mfupa usiliwe. Fizi zilikuwa zinavuja damu pale vibano vilipokuwa vikishika, ambapo chakula hujikusanya. Ndiyo damu ya foronya. Akamwuliza anayapigia mswaki kwa dawa gani.

Mama akasema hatumii dawa. Anatumia mswaki wa mti na maji. Dawa ya meno ameikataa maisha yake yote, kwa kuwa ina floraidi, na floraidi ndiyo iliyomharibia meno.

Nilikuwa sijui jambo hilo. Miaka yote hiyo, katika nyumba tuliyokulia, Mama alikuwa akitununulia sisi dawa ya meno na yeye mwenyewe hakuigusa.

Daktari aliweka chini kioo chake. Akamweleza, na alieleza vizuri, kwamba floraidi huharibu rangi ya jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya, utotoni, na inapitia tumboni kwa maji na chakula. Jino likishatoka na kukomaa haliwezi tena kugeuzwa rangi hivyo. Kwa mtu mzima, floraidi ya kwenye dawa ya meno hufanya kazi juu ya jino kwa nje, huliimarisha lisioze, kisha unaitema. "Maji yalikukosea ukiwa mtoto, Mama. Hii ni kitu kingine." Mama alisikiliza kama mtu anayepokea habari ya ndugu aliyemdhania adui kwa miaka sitini.

Tukapewa dawa ya matone ya fangasi, mara 4 kwa siku, ayazungushe mdomoni kabla ya kumeza. Tukaambiwa asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na asugue kaakaa, fizi na ulimi kila siku kwa mswaki laini au kitambaa safi, hata pasipo na jino.

Usiku wa Ijumaa nilimsikia chumbani akiongea peke yake. Nilisimama nje ya mlango. Alikuwa akijaribu maneno. Mtu asiye na meno ya juu hawezi kutamka F wala V ipasavyo; meno ya juu ndiyo yanayogusa mdomo wa chini na kuzitoa herufi hizo. Mama alikuwa akizitafuta na kuzitoa katika hotuba yake moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua mchele. Badala ya "familia" akaweka "ukoo." Badala ya "kufahamiana," "kujuana." Badala ya "furaha" akajaribu "amani," akarudia mara 3.

Jumamosi wageni walifika saa 8 mchana, watu 11. Kaka alisema ya kwake, mshenga akasema ya kwao, mahari ikazungumzwa ikaeleweka. Kisha wakamtazama Mama. Aliinuka akiwa amejifunga khanga mpya, midomo imeingia ndani, mashavu yamebonyea, uso wake umekuwa wa mtu mwingine na bado ni wake. Aliongea taratibu. Alisema ukoo, alisema kujuana. Alisema huyu mtoto amelelewa kwa wema, nanyi mmempokea kwa wema. Sebule nzima ilikuwa kimya, hakuna aliyeinamia simu. Halafu, mwishoni, nilimwona akisita, na nikajua amelifikia lile neno. Akalitazama lile jingine alilolichagua na kuliacha. Akasema: "Leo ni siku ya furaha." Ikatoka "huraha." Mkono wake ulikuwa na pindo la khanga, na haukupanda mdomoni.

Wakati wa chakula nilimpakulia Mama mtori peke yake, ndizi na nyama vimepondwa laini. Bibi wa upande wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti, meno yake meupe yamepangika sawasawa, alikuwa na pilau mbele yake na alikuwa hajaigusa nyama. Akalitazama bakuli la Mama.

"Mwanangu," akaniambia, "na mimi nipatie huo mtori."

Walikula wawili hao wakiwa wameinamiana. Sikusikia walichozungumza. Lakini kabla ya kuondoka bibi yule aliniita pembeni ya mlango, akaniuliza yule daktari anapatikana siku gani.

Baadaye nilitafuta kusoma zaidi, kwa sababu kile kikohozi cha usiku kilikuwa hakijanitoka akilini. Nikakuta utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2015. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka 3 wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Wale waliokuwa wakilala na meno ya bandia mdomoni walikuwa na hatari ya kupata nimonia zaidi ya mara mbili ya wenzao. Kinachoota kwenye sahani usiku huweza kuvutwa pamoja na pumzi kwenda mapafuni. Siwezi kusema ndicho kilichokuwa kikimkohoza Mama. Ninaloweza kusema ni kwamba nilikuwa nikimpa tangawizi, na sikuwahi kumtazama kinywani.

Kaakaa lilipona kabla ya wiki ya tatu. Kisha zikafuata safari za kwa daktari: chapa ya taya, nta ya kupima jinsi meno yanavyokutana, meno ya majaribio, na ya mwisho yenyewe. Daktari alimwuliza anataka rangi gani. Mama akasema yasiwe meupe sana. Yafanane na mtu wa Maji ya Chai aliyezeeka vizuri.

Tangu hapo utaratibu wetu ulijulikana na kila mtu nyumbani. Kila baada ya kula aliyavua na kuyasuuza. Jioni beseni liliwekwa mezani, na taulo chini yake. Ndani yake maji kidogo, ili meno yakiteleza yaangukie majini. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo tone moja, mswaki laini wa peke yake, maji ya kawaida ya bombani. Alisugua pande zote, zaidi upande unaogusa kaakaa, na ndani ya vibano. Kisha alisugua kaakaa na ulimi, na yale meno 6 kwa dawa ya meno yenye floraidi. Usiku meno yalilala kwenye kikombe chenye kifuniko, yamezama majini, maana yakikauka nayo hupoteza umbo. Asubuhi maji yalimwagwa, meno yalisuuzwa, kikombe kilioshwa. Kikombe kilikuwa cha buluu. Kilikaa kando ya kitanda, juu ya meza, kila aingiaye alikiona, na mwanangu ndiye aliyekuwa na kazi ya kukijaza maji.

Nimelifikiria sana lile fundo. Yapo meno ya bandia yanayovaliwa miaka mingi na fizi zikabaki salama, kwa hiyo sitayalaumu meno. Kilichougua kwa Mama kilikuwa kitu kilichofichwa na mwenyewe kwa aibu, na kisichoulizwa na wanawe kwa heshima. Aibu yake na heshima yetu zilifunga fundo moja. Nami nilipolifungua, nililifungua yeye akiwa usingizini, na huko nako ni kuficha.

Usiku wa mwisho kabla hajarudi kwao, mizigo ikiwa imeshafungwa, aliniita. Beseni lilikuwa mezani, taulo limetandikwa. Alikuwa amekaa kitandani. Alinitazama, akaingiza kidole gumba nyuma ya sahani ya juu, akaiachilia taratibu kama alivyofundishwa, akaitoa. Kisha ya chini. Akaniwekea kiganjani, yakiwa bado na joto la kinywa chake.

"Leo nisafishie wewe," akasema.

Nikavuta beseni. Nikatia kidole kwenye maji kwanza, kuhakikisha ni ya baridi, nikaanza kusugua. Alinitazama mpaka mwisho.